Netta Kinnear na Bendi ya Haar

Netta Kinnear alipiga kinanda katika kanisa letu la Dysart, mji mdogo wa pwani ya Scotland, tangu miguu yake ilipoanza kufika kwenye vikanyagio vya noti za chini. Mimi niliimba sauti ya pili kwenye kwaya, nikikaa nyuma yake kila Jumapili, kwa hiyo mgongo wake niliujua kuliko uso: mabega yaliyotulia, nywele nyekundu zilizofungwa kwa utepe, na chini ya kiti soksi za sufu, maana hakupiga na viatu. Siku za kazi alikuwa Kirkcaldy, kiwandani, akikagua linoliamu, ile mikeka ya kufunika sakafu, inapotoka kwenye mashine ili maua ya mchoro yasipishane. Harufu ya mafuta ya kitani ilirudi naye kanisani, kama ilivyorudi na nusu ya waumini.

Baba yake, Archibald, alikuwa mjane na mzee wa kanisa. Aliendesha winchi ya mgodi wa makaa mpaka mapafu yalipomkatalia, na tangu hapo alikuwa akikaa dirishani. Kwa maoni yake kinanda kilikuwa na kazi moja tu, kuwazuia watu wasitoke nje ya sauti. Netta hakubishana naye. Alisubiri watu watoke, mlango ufungwe, ndipo apige vitu vyake.

Jumapili moja ya mwaka 1969 hakuwa peke yake kama alivyodhani. Struan Imrie, kijana mrefu mwenye ndevu aliyechora ramani katika ofisi ya wahandisi, alikuwa bado amekaa kiti cha mwisho. Netta alipomaliza, sauti ilitoka gizani ikamuuliza nani aliyetunga ule muziki.

"Hakuna aliyetunga," Netta akajibu. "Vidole vinatembea tu."

"Na miguu je? Huku nyuma nasikia besi inakwenda zake kama ina mtu wake."

"Miguu inafuata vidole."

"Haifuati. Inabishana navyo." Struan akaja mbele, mikono mfukoni. "Nina bendi. Nina mpiga ngoma, nina mwimbaji, gitaa napiga mwenyewe. Sina besi, sina kinanda. Wewe ni vyote viwili."

"Bendi ya dansi?"

"Mungu apishe mbali."

Netta alicheka, na mimi naamini kicheko kile ndicho kilichompeleka. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba miguu yake inabishana na vidole.

Mpiga ngoma alikuwa Eck Lumsden, mchimba makaa, mfupi, mpana, mwenye masihara. Mwimbaji alikuwa Lorne Beveridge. Huyo Netta alimjua tangu utoto. Walikaa dawati moja shuleni. Alikuwa mwana pekee wa Jessie Beveridge, mjane aliyeoka mikate ya nyama katika duka la pale mteremkoni. Kijana mwembamba, mpole, mwenye sauti ambayo ukiisikia unageuka kutazama inatoka wapi. Bendi waliiita Haar, jina letu la ule ukungu mzito unaopanda kutoka baharini mchana wa jua na kuumeza mji mpaka mtu haoni lango lake mwenyewe.

Walifanyia mazoezi katika ghala la viazi la shamba moja nje ya mji. Struan hakutaka nyimbo za dakika tatu. Alitaka kipande kimoja kirefu chenye sehemu tatu, juu ya kijiji kilichozama baharini na mlinzi wa mnara wa taa aliyebaki akiwasikia watu wake chini ya maji. Maneno aliyaandika Lorne. Muziki, ukweli usemwe, sehemu kubwa ulitoka kwa Netta. Tenzi za kanisani alizozipiga maisha yake yote alizivunja, akazipunguza mwendo, akazigeuza juu chini, na baba yake alipozisikia kwa mbali siku moja alisema tu kwamba wimbo ule anaufahamu lakini umeugua.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Kumbi zilizokuwapo zilikuwa za dansi, na wachimba makaa waliovaa suti zao za Jumamosi na wasichana wao hawakuja kusikiliza habari za kijiji kilichozama. Kule Cowdenbeath Netta alikuwa katikati ya sehemu ya kwanza, amefumba macho, mtu mmoja akapaza sauti kutoka kwenye baa: "Dada, ukimaliza kuitengeneza hiyo mashine tuambie, tuje tucheze!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Eck naye akacheka nyuma ya ngoma zake. Leven walizimiwa umeme. Methil walirushiwa viazi vya kukaanga, na Eck akaviokota na kuvila, akisema vimekosa siki. Kinanda cha umeme walichokuwa nacho, pamoja na vikanyagio vyake, kilikuwa kizito kama ng'ombe aliyekufa, na kila ngazi waliyokipandisha ilimwachia mmoja wao kidonda.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya Lorne.

Kati ya sehemu ya kwanza na ya pili palikuwa na kimya kifupi, ili Netta apate kubadilisha sauti za kinanda. Siku moja Lorne alianza kusema katika kimya kile. Alikuwa amejifunga pazia la sebuleni kwa mama yake, mshumaa mkononi, na akasema polepole kwamba mlinzi wa mnara amemwomba awaombe radhi watu wote. Hakuna aliyejua radhi ya nini, lakini ukumbi ulinyamaza. Mara iliyofuata alisema kwa muda mrefu zaidi, na mara nyingine alikaa sakafuni akisikiliza, mpaka watu waliokuwa nyuma wakasimama juu ya viti wamwone. Wanafunzi wa chuo walianza kuvuka daraja kutoka Edinburgh kuja kumtazama. Gazeti la huko likaandika kwamba Scotland imepata mwigizaji ambaye haigizi. Struan alitembea na kipande kile cha gazeti mfukoni mpaka kikachanika.

Netta ndiye aliyekuwa karibu zaidi na Lorne, maana garini walikaa pamoja kwenye kiti cha nyuma, vikuza sauti vikiwabana magoti. Aliona kwamba Lorne hali tena mikate ya mama yake. Anaipokea, anaifunga katika karatasi, anaitupa njiani. Aliona anavyoinamisha sikio kwenye kinanda ambacho hakijaunganishwa na kitu. Jioni moja, wakirudi kutoka Perth, Lorne alimgusa mkono.

"Netta, nikuombe kitu. Ile noti ya chini kabisa, mwisho wa sehemu ya pili. Usiipige."

"Kwa nini? Ndiyo inayoshika kila kitu."

"Ndiyo wanayopitia."

"Akina nani, Lorne?"

Alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwonea huruma mtoto asiyejua kuna vita. "Wewe usiipige tu, tafadhali."

Kesho yake Netta alimfuata Struan ofisini na kumweleza yote. Struan alimsikiliza hadi mwisho, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, na hilo ningependa lieleweke. Lakini alisema Lorne ni msanii, kwamba watu wa namna ile huwa hivyo, na kwamba wote wanne wamesubiri miaka miwili watu wawanyamazie. Eck alipoulizwa alivuta sigara yake mpaka mwisho kabla ya kujibu. Alisema kule chini mgodini amewahi kuona farasi wa kukokota makaa akikataa kuingia mahali, na macho yake yalikuwa kama ya Lorne sasa. Basi tufanye nini, Netta akauliza. Eck akasema hajui, yeye anajua kupiga ngoma.

Kwa hiyo Netta akaenda kwa Jessie Beveridge. Alikwenda saa ya kufunga duka, wakati mama yule alipokuwa akifuta meza. Hakumaliza hata sentensi ya pili.

"Unadhani mimi sijui?" Jessie alisema. Aligeuza kibao cha mlangoni kionyeshe duka limefungwa, akaketi juu ya gunia la unga. "Nilijua kabla yako. Kaka yangu Davie alianza vivyo hivyo, na umri ule ule. Wakaja watu wa hospitali wakamchukua. Walisema ni wiki chache. Nimemzika mwaka juzi, Netta, na tangu siku ile waliyomchukua hakulala nyumbani hata mara moja."

"Bi. Beveridge, siku hizi kuna dawa."

"Wakati ule pia kulikuwa na dawa." Alimshika Netta mikono yote miwili, na mikono yake ilikuwa na unga. "Nisikilize, mwanangu. Mtaani mtu akisema vile wanamtupia mawe. Pale jukwaani wanampigia makofi. Mwache aseme pale. Pale hakuna atakayemchukua. Niahidi hutamwambia daktari."

Netta aliahidi. Aliniambia baadaye kwamba alipotoka mlangoni alikuwa tayari anajuta, lakini hakurudi. Aliendelea kupiga kinanda, na ile noti ya chini akaanza kuiruka, akiweka nyingine juu yake. Struan alilalamika kwamba mwisho wa sehemu ya pili umekuwa mwepesi. Netta akamwambia avumilie.

Mwezi wa Machi mwaka 1972 alikuja mtu wa kampuni ya rekodi kutoka London, Bwana Yelland, kuwasikiliza katika ukumbi mmoja wa Edinburgh. Struan alikuwa amenunua koti jipya. Eck, ambaye ndiyo kwanza amerudi kazini baada ya mgomo wa wachimba makaa, alikunywa chai tu. Lorne hakuwa amelala kwa siku kadhaa. Alikuwa akitembea ufukweni toka bandari hadi bandari, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa upepo. Netta alimwomba Struan waahirishe. Struan alimwambia, bila ukali, kwamba mtu kama Yelland hapandi treni mara mbili.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko ilivyowahi kwenda. Hilo walilikubali wote, hata miaka mingi baadaye walipokuwa hawakubaliani juu ya kitu kingine. Kisha kikaja kimya, na Lorne akasogea mbele na pazia lake. Aliomba radhi kwa mlinzi wa mnara. Aliomba radhi kwa mjomba wake Davie, akamtaja kwa jina, na hapo Netta akainua kichwa, kwa sababu jina lile halikuwa katika kipande chochote walichotunga. Pembeni mwa jukwaa palikuwa na taa kubwa iliyowaka tangu alasiri. Lorne aliiendea, akaweka kiganja cha mkono juu ya chuma chake, akakiacha pale.

Watu walipiga makofi. Walisimama wakapiga makofi, na wengine mbele wakaanza kuliita jina lake. Struan, ambaye alikuwa amempa mgongo akitengeneza nyuzi, aliingia sehemu ya pili kama kawaida, na Eck akamfuata, na miguu ya Netta nayo ikaanza bila yeye kuiambia, kwa mazoea. Alisema hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwamba miguu ilianza. Halafu akaiona ngozi ya kiganja kile.

Akaondoa miguu. Wote waliokuwapo wanakumbuka jinsi muziki ulivyobaki bila sakafu. Netta aliteremka kwenye kiti, akavuka jukwaa kwa soksi zake. Struan alimwambia kwa sauti ya chini, meno yamefungwa, "Rudi kwenye kinanda." Akampita. Alimkuta Lorne macho yamekauka, mkono bado juu ya taa.

"Lorne. Nimeiacha ile noti," alimwambia. "Haipo tena. Hakuna anayepita."

Lorne akamgeukia. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaachilia. Netta akamshika mkono ule mwingine, wakatoka pamoja, na ukumbi wote ukawashangilia mpaka walipopotea nyuma ya mapazia, wakidhani ndiyo mwisho wa onyesho.

Eck aliziacha ngoma zake pale pale akaja kuendesha gari. Hospitalini walimfunga mkono bandeji, na daktari kijana akauliza maswali ambayo Netta alikuwa ameahidi kutoyajibu. Aliyajibu yote. Kulipokucha Lorne akahamishiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ile ile alikofia mjomba wake.

Jessie alipopata habari hakulia. Alifika nyumbani kwa akina Kinnear na aproni yake, akamwambia Netta mbele ya baba yake kwamba mtoto wake ameuzwa na mtu aliyekula mkate wake, kisha akaondoka. Tangu siku ile hakumsemesha. Dukani alimhudumia kila mtu aliyekuwa nyuma ya Netta kwenye foleni, mmoja mmoja, mpaka Netta akaacha kwenda. Dysart ni mahali padogo, na wengi wetu tulichagua upande. Kanisani kulikuwa na waliosema kinanda cha Mungu hakifai kupigwa na mtu wa kumbi za dansi. Mzee Archibald, ambaye tulidhani ndiye atakayekuwa wa kwanza kumlaumu, alisimama katika kikao cha wazee wa kanisa, akavuta pumzi yake ya shida, na kusema kwamba binti yake alimtoa mtu motoni, na kama kuna mwenye neno juu ya hilo aje amwambie dirishani kwake. Hakuna aliyekwenda.

Struan alikuja baada ya wiki moja. Alisimama jikoni bila kuvua lile koti jipya.

"Yelland alipenda," alisema.

Netta alikuwa anamenya viazi. Hakugeuka.

"Aliniuliza kama tunaweza kufanya vile kila siku."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia mwimbaji wetu anaumwa." Struan aliketi, akajishika kichwa. "Lakini kwanza, Netta, kabla ya kusema hivyo, nilifikiri. Kwa dakika nzima nilifikiri itawezekanaje."

Netta aliacha viazi vyake. Alimwekea chai. Struan akanywa nusu, na mwezi uliofuata akaenda London na jina la bendi, akapata mwimbaji mwingine na mtu wa besi. Rekodi ilitoka mwaka uliofuata, na ndani yake kilikuwamo kijiji kilichozama, sehemu zote tatu. Eck aliinunua, akawaita wachache wetu kuisikiliza. Netta alisikiliza akiwa ameegemea mlango, na mwishoni akasema tu kwamba wameipeleka haraka mno. Bendi ile ilifika rekodi ya pili, ikavunjika. Struan alihamia Kanada.

Lorne alikaa hospitalini hadi majira ya baridi. Nyakati zilikuwa zimebadilika kidogo tangu za mjomba wake. Walimpa sindano, wakamruhusu kurudi. Alirudi mnene, mzito wa kutembea, kiganja chake kimekunjamana, na halmashauri ya mji ikampa kazi ya kutunza maua katika bustani. Miezi ilipita kabla hajaja kanisani Alhamisi moja, Netta akiwa anajizoeza. Alipanda ngazi akaketi kwenye kiti cha pembeni.

Netta alimwuliza anaendeleaje. Alisema hasikii kitu tena. Kimya tupu. Alisema hata muziki wenyewe sasa anausikia kama kitu kilicho chumba cha pili.

"Pale jukwaani nilikuwa mtu, Netta," alisema. "Sijui kama nikushukuru. Najaribu, lakini sijui."

"Si lazima."

"Mama anasema nikuchukie. Hilo nalo siliwezi."

Lorne alijisogeza karibu na kinanda. Kisha akamwomba apige chochote, ila si kile kipande, na Netta akampigia zaburi, moja kwa moja kama ilivyoandikwa. Tangu hapo alikuja Alhamisi nyingi, akimgeuzia kurasa. Wakati mwingine walipokuwa njiani pamoja, mtu mzima mwenye mvi alimsimamisha Lorne na kumwambia kwamba alikuwepo Edinburgh jioni ile, na hajaona onyesho jingine kama lile. Lorne alisema asante. Netta alitazama pembeni.

Hakuolewa. Aliendelea kiwandani mpaka mashine zilipopunguzwa, na alibaki kuwa mpiga kinanda wetu. Nilimwuliza mara moja kama angefanya tena vile. Alisema ndiyo, bila kusita, na kwamba ndiyo ile haijawahi kumfariji.

Ugonjwa ulirudi, kama daktari alivyosema huenda ukarudi. Ilikuwa asubuhi ya Novemba, mwaka 1981, barafu barabarani. Netta alisikia mlango unagongwa, na pale nje alikuwa Lorne, hajavaa koti, anatetemeka. Alisema wameanza tena kusema, bado kwa mbali, na kabla hawajakaribia angependa apelekwe hospitali. Alimtaka Netta ampeleke, si mtu mwingine.

Netta alichukua funguo za gari. Alipolifikia lango alimkuta Jessie amesimama barabarani, mzee sasa, amebeba begi dogo la nguo za mwanawe. Alikuwa amemfuata njia nzima kwa nyuma. Alifungua mlango wa gari mwenyewe, akaketi kiti cha nyuma, begi mapajani, na Lorne akakaa mbele.

Walipita Thornton, wakapita mashamba meupe. Lorne alikuwa amefumba macho, midomo ikitembea. Ndipo Jessie akainama mbele, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile akamsemesha dereva.

"Funga hilo dirisha, Netta," alisema. "Baridi inamwingia."